Kipolandi: herufi zinatisha, kazi iko mkiani

Kilomita chache kutoka Arusha mjini, ukishika barabara ya Moshi, unafika Tengeru. Wengi wanaijua kwa soko lake. Mimi nilifikia kwenye makaburi. Yako yapatayo 150, ya Wapolandi, wengi wao waliofariki miaka ya 1940. Kwa desturi yao jiwe la kaburi hufunguliwa na herufi mbili, Ś.P., kifupi cha świętej pamięci, yaani "wa kumbukumbu takatifu". Maneno hayo yanafanya kazi ileile ya "marehemu" kwetu. Hiyo S yenye kijistari kichwani, kama vile mchongaji alikuwa anajaribu patasi, ndiyo iliyoniingiza kwenye lugha hii.

Waliolala Tengeru hawakuja kama walowezi. Mwaka 1940 na 1941 dola la Kisovieti liliwakusanya raia wa mashariki mwa Polandi kwa mamia ya maelfu, likawapakia kwenye mabehewa na kuwatupa Siberia na Kazakhstan. Ujerumani ilipoishambulia Urusi mwaka 1941 wakaachiliwa. Wanaume wakaingia jeshini, na familia zao zikavuka kwenda Iran mwaka 1942. Kutoka huko Waingereza waliwagawa India, Afrika na kwingineko. Wanawake na watoto kwa maelfu wakashushwa kwenye bandari zetu na kupelekwa Tengeru, Ifunda, Kidugala na Kondoa, na kwa upande wa Uganda, Masindi na Koja. Tengeru peke yake ilibeba watu wapatao 5,000. Walifungua shule za Kipolandi kwenye vibanda vya nyasi, na kule Nyabyeya, karibu na Masindi, walijenga kanisa ambalo bado limesimama. Miaka ya mwanzo ya 1950 kambi zilikuwa zimeisha, wengi wakiwa wameshahamia Uingereza, Kanada na Australia.

Lugha waliyokuja nayo inazungumzwa leo na watu kama milioni 40, wengi wao ndani ya Polandi yenyewe. Sifa yake duniani ni moja: haisomeki. Sifa hiyo wameipa mahali pasipo pake. Kuisoma ni kazi ya jioni mbili tatu. Ugumu upo, tena mwingi, ila hauko kwenye herufi.

Mashua na bahari

Katikati ya Polandi kuna jiji lililokua kwa viwanda vya nguo katika karne ya 19, linaitwa Łódź. Neno lenyewe maana yake ni mashua, na mashua imechorwa kwenye nembo ya jiji, ingawa bahari iko mbali. Watangazaji wetu wakiliona jina hilo husema "Lodzi" na kuendelea. Tulisome taratibu. Ł ni w yetu, ile ya "wali". Ó ni u. Dź ni j laini, lakini kwa kuwa imekaa mwisho wa neno inapoteza mngurumo wake na kusikika kama ch laini. Ziunganishe: "Wuch". Hakuna hata sauti moja ya "Lodzi" iliyosalia, na bado hakuna herufi iliyodanganya. Kila moja imefanya kazi yake ya kila siku.

Sasa mgeni wa pili. Mashabiki wa Arsenal walihangaika kwa miaka na jina la kipa wao, Wojciech Szczęsny. Sz ni sh. Cz ni ch. Ę ni e inayopita puani, hapa inasikika kama "en". Basi ni "Shchensni", ile i ya mwisho ikiwa nzito kidogo, inaelekea e. Ukiangalia vizuri, nasi tumetumia herufi nne, s-h-c-h, kuandika sauti zilezile mbili. Tofauti ni kwamba Mpolandi anazibana pamoja bila irabu katikati, na ulimi wa Mswahili haukulelewa hivyo. Sisi tukipewa brashi tunaifanya burashi, tukipewa klabu tunaifanya kilabu. Tunapenda kila konsonanti iwe na irabu ya kukalia.

Zilizobaki ni za kukariri. W inasomwa v, lakini ikikutana na s inageuka f, ndiyo maana Lewandowski kwao ni "Levandofski". C ni ts. J ni y. Ń ni ny yetu ya "nyama", zawadi ambayo Mwingereza hana. Ż ni sh iliyotiwa mngurumo, na hiyo sisi hatuna, itabidi ujifunze upya. Herufi zote ni 32. Q, v na x hazimo kwenye maneno yao ya asili.

Kuna mahali tahajia inawatesa wenyewe. Sauti tatu zina njia mbili za kuandikwa: ó na u ni kitu kimoja, rz na ż ni kitu kimoja, ch na h ni kitu kimoja. Morze ni bahari, może ni "labda", na masikioni hazitofautiani hata chembe. Mtoto wa Kipolandi anahangaika hapo kama wa kwetu anavyohangaika kati ya "dhambi" na "zambi". Mjini Katowice, tangu 1987, kuna shindano la kitaifa la imla. Watu wazima wanakaa ukumbini wanasomewa matini iliyosukwa kwa makusudi ili waanguke, na bingwa anaandikwa magazetini.

Halafu kuna zawadi kubwa kuliko ń. Mkazo wa neno la Kipolandi unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama wetu. Tena neno likirefuka, mkazo unahama nalo. Sisi tunasema ki-TA-bu, kisha kita-BU-ni. Wao wanasema na-u-CZY-ciel, mwalimu, kisha na-u-czy-CIE-la, "wa mwalimu". Wanafunzi kutoka nchi nyingine wanafundishwa kanuni hiyo kwa wiki nzima, Mswahili anaifuata bila kuambiwa. Yapo machache yanayokaidi, kama matematyka, ambalo linakazwa kwenye ma ya pili, lakini hata Wapolandi wengi hulivuta kwenye mstari wanapoongea haraka.

Nisage mimi

Kipolandi ni Kislavoni cha magharibi, ndugu wa Kicheki na Kislovaki, na jamaa wa mbali kidogo wa Kirusi na Kiukraini. Watu huuliza kwa nini basi hakiandikwi kwa herufi za Kirusi. Jibu ni dini. Mwaka 966 mtawala Mieszko wa Kwanza alibatizwa kwa njia ya Roma, na Roma ilikuja na Kilatini chake. Waliobatizwa na kanisa la Mashariki walipata alfabeti iliyoshonwa kwa vipimo vya Kislavoni, yenye herufi moja tu kwa "shch". Wapolandi walipewa shati la Mlatini wakalazimika kulitia viraka: mkia chini ya a na e, mkato ndani ya l, vijistari juu.

Sentensi kongwe ya Kipolandi inayojulikana sana iliandikwa kama mwaka 1270, ndani ya kitabu cha Kilatini cha watawa wa Henryków, eneo la Silesia. Mtawa alikuwa anaeleza historia ya shamba moja. Mwenye shamba, mwanamume aliyetoka Ucheki, alimwona mke wake akisaga nafaka kwenye jiwe, akamwonea huruma, akamwambia: "Day, ut ia pobrusa, a ti poziwai." Lete nisage mimi, wewe pumzika. Lugha nyingine zinaanza kuandikwa na amri ya mfalme au sala. Hii inaanza na mume anayeomba jiwe la kusagia, na majirani, mtawa anasema, walimpa jina la utani kwa ajili hiyo. Nadhani msomaji wa kwetu anaweza kukisia walivyocheka.

Kila kitu kinaishia mkiani

Hapa ndipo kazi ilipo. Kiswahili kinabeba habari zake mbele ya neno: ni-na-soma, vi-tabu vi-zuri. Kipolandi kinazibeba nyuma. Soma kitenzi hiki: czytam, ninasoma, czytasz, unasoma, czyta, anasoma, czytamy, tunasoma, czytacie, mnasoma, czytają, wanasoma. Nafsi imo ndani ya kitenzi, kama kwetu, ila imepanda behewa la mwisho. Ndiyo maana Mpolandi naye hahitaji kusema "mimi" isipokuwa anasisitiza. Hapo Mswahili yuko nyumbani.

Anapotoka nyumbani ni kwenye nomino. Sisi tuna kiambishi kimoja cha mkiani kinachojulikana na kila mtu, -ni ya mahali: soko, sokoni. Hebu fikiria kila nomino ikiwa na mikia ya namna hiyo kwa kazi saba tofauti, majina ya watu na ya miji yakiwemo. Warszawa ni mji mkuu. Naenda Warszawa: do Warszawy. Naishi Warszawa: w Warszawie. Naiona: widzę Warszawę. Karibu na Warszawa: pod Warszawą. Na ukiuita mji kama mshairi: Warszawo! Kazi hizo wanasarufi huziita hali. Ni saba, ingawa mikia mingine inafanana, kwa hiyo Warszawa unabaki na sura sita. Na seti hiyo ya mikia ni ya neno hili na wenzake tu. Maneno ya jinsia nyingine yana seti nyingine.

Kuna faida gani? Chukua mbwa na mvulana. Kwa Kiswahili, "mbwa amemuuma mvulana" na "mvulana amemuuma mbwa" ni habari mbili, na ya pili ndiyo inayouza gazeti. Mpangilio ndio unaotuambia nani kamuuma nani. Kwa Kipolandi, Pies ugryzł chłopca na Chłopca ugryzł pies zote zinamuumiza mvulana. Mkia -a kwenye chłopca umeshasema kwamba huyu ndiye aliyeumwa, popote atakapokaa kwenye sentensi. Ukitaka mvulana ndiye aume, sema Chłopiec ugryzł psa. Basi Mpolandi anaupanga mstari wake kwa kufuata kile anachotaka kisikike kwanza au mwisho, si kwa kuogopa kueleweka vibaya. Washairi wao wanakula raha.

Kisha kuna kile wanachokiita jinsia, ambacho ningekiita ngeli bila kuomba radhi. Umoja una tatu: ya kiume, ya kike, na isiyo ya upande wowote. Meza, stół, ni ya kiume. Kitabu, książka, ni cha kike. Dirisha, okno, halina upande. Mwanafunzi wa Kiingereza anashangaa meza inapataje uanaume. Sisi hatuna haki ya kushangaa, maana ndizi na simba kwetu wako kwenye ngeli moja ya umbo, na kifaru ni ki- kama kijiko. Tunajua kwamba ngeli ni droo ya kupangia maneno, na droo haihitaji sababu. Kivumishi kinafuata: nowy stół, nowa książka, nowe okno, kama meza mpya, kitabu kipya, dirisha jipya. Anayezungumza Kiswahili hasumbuliwi na wazo lenyewe, ni mikia tu ya kukariri.

Lakini kwenye wingi Kipolandi kinafanya jambo la ajabu. Kinafuta zile tatu na kuleta mbili: kundi lenye mwanamume, na vyote vingine. "Wao" ni oni ikiwa kuna mwanamume hata mmoja, la sivyo ni one. Wanawake mia ni one, sawa na meza mia na mbuzi mia. Akiingia baba mmoja, wote wanakuwa oni na kitenzi kinabadilika. Wanawake wa Polandi wana la kusema juu ya hili, na wanalisema. Mjadala mkali zaidi kwa sasa ni wa vyeo: waziri mwanamke aitwe pani minister, "bibi waziri", au ministra, neno lenye mkia wake wa kike? Wanaolipinga husema linakwaruza masikio. Wanaolitetea hujibu kwamba nauczycielka, mwalimu wa kike, halijawahi kumkwaruza mtu.

Kwa Mswahili mtego uko pengine. Sisi "yeye" hana jinsia, "alikuja" halisemi kama ni baba au mama. Kipolandi kinadai ujue, tena hata ukijisemea mwenyewe: mwanamume anasema byłem, nilikuwa, mwanamke byłam. Ukiwa shuleni kwa kina mama na mwalimu ni mwanamke, unaweza kumuiga neno kwa neno ukatoka umejitangaza kuwa binti.

Na nambari. Paka mmoja, jeden kot. Wawili, watatu, wanne: dwa koty, trzy koty, cztery koty. Ukifika watano, sarufi inavunjika: pięć kotów, kihalisi "tano ya paka", na inaendelea hivyo hadi 21. Wakiwa 22 unarudi kwenye koty. Kabla hujalalamika, mfundishe mgeni kwa nini tunasema vitabu vitano lakini vitabu sita, vitabu vinane lakini vitabu tisa. Sisi tunasingizia Kiarabu. Wao nao wana historia yao, nambari kuanzia tano zilikuwa nomino kamili zamani. Mbili ndiyo mbaya zaidi: dwa kwa paka, dwie kwa wanawake, dwaj kwa wanaume, dwoje kwa watoto, na bado hujaanza kuzipa mikia ya hali.

Vitenzi vinakuja viwiliviwili. Czytałem książkę: nilikuwa nasoma kitabu, huenda nilikiacha nusu. Przeczytałem książkę: nilikisoma kikaisha. Kwetu kazi hiyo inafanywa na -kuwa, -me- na -kwisha. Wao wanaweka kitenzi pacha kwenye kamusi, na karibu kila kitenzi kina pacha wake. Wageni wanaokaa Polandi miaka kumi bado huchanganya hapo.

Bwana anakunywa kahawa?

Ukikutana na mtu mzima usiyemjua, usimwambie "wewe". Unamsemesha kana kwamba unamzungumzia mtu mwingine: Czy pan pije kawę? Kihalisi, "Je, bwana anakunywa kahawa?", na bwana mwenyewe yuko mbele yako. Mwanamke ni pani. Kwetu hilo halishangazi. Mama muuza chai akisema "Mzee leo atakunywa nini?" anamsemesha mzee, si jirani yake. Tofauti ni kwamba kwao ni sheria, si ucheshi. Kuhama kutoka pan kwenda ty, "wewe", ni tukio: kwa kawaida mkubwa ndiye anayempa mdogo ruhusa, na mara nyingi glasi inahusika.

Ndani ya nyumba mambo yanageuka kuwa laini mno. Sisi tunapunguza kwa ki- na ka-, na mara nyingi kuna dharau kidogo: kijitu, kajumba. Wao wanapunguza kwa upendo. Kawa inakuwa kawka, herbata, chai, inakuwa herbatka, na mhudumu wa dukani hudai pieniążki, "vijihela", hata bei ikiwa ya kuuza ng'ombe. Majina ndiyo usiseme. Katarzyna ni Kasia, Małgorzata ni Gosia, Aleksandra ni Ola. Anna ni Ania, Anka, Anusia, Aneczka, na kila moja lina joto lake. Ukimsikia mama akiita "Anno!" kwa ukamilifu, jua Ania kavunja kitu.

Koo nazo zina mikia: Kowalski ni mwanamume, mke au binti yake ni Kowalska, familia nzima ni Kowalscy. Kowal ni mhunzi. Jina la ukoo linaloongoza kwa wingi ni Nowak, "mgeni aliyehamia".

Miaka 123

Jambo la pekee katika historia ya lugha hii ni kwamba iliishi bila nchi. Mwaka 1772, 1793 na 1795 Urusi, Prussia na Austria ziligawana Polandi hadi ikaisha. Ilirudi kwenye ramani Novemba 1918. Hapo katikati, kwa miaka 123, Kipolandi hakikuwa na dola.

Kwa Waaustria kilipumua, vyuo vikuu vya Kraków na Lwów (leo Lviv ya Ukraine) vikafundisha kwa Kipolandi. Kwa wengine wawili kilibanwa, zaidi baada ya maasi ya 1863. Mjini Września, upande wa Prussia, watoto mwaka 1901 walikataa kujibu somo la dini kwa Kijerumani. Walichapwa viboko, wazazi walioandamana wakafungwa. Msomaji aliyewahi kuvikwa kibao shingoni shuleni kwa kosa la kusema lugha ya bibi yake hahitaji kufafanuliwa. Warszawa, chini ya Warusi, kulikuwa na chuo cha siri kilichoitwa Chuo Kinachoruka, maana darasa lilihama nyumba hadi nyumba kuwakwepa polisi. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Maria Skłodowska, ambaye dunia inamwita Marie Curie. Mwaka 1898 alipogundua elementi mpya pamoja na mumewe, waliipa jina la polonium, kwa heshima ya nchi ambayo wakati huo haikuwepo kwenye ramani yoyote.

Vita vya Pili vilibadilisha sura ya wasemaji wenyewe. Sensa ya 1931 ilionyesha kwamba kama asilimia 69 tu ya wananchi walikuwa na Kipolandi kama lugha ya mama. Wengine walisema Kiukraini, Kiyidi cha Wayahudi, Kibelarusi, Kijerumani. Wanazi waliwaua Wayahudi wa Polandi wapatao milioni tatu. Mwaka 1945 mipaka ikasukumwa magharibi, Wajerumani wakafukuzwa, na Wapolandi wa Lwów na Wilno (leo Vilnius ya Lithuania) wakapandishwa treni kwenda kukaa Wrocław na Szczecin. Watu wa lahaja mbalimbali wakajikuta ghorofa moja, watoto wao wakatoka na Kipolandi cha redio. Ndiyo maana leo unaweza kuvuka nchi nzima usisikie tofauti kubwa ya matamshi. Ni usawa ulionunuliwa kwa bei ya kutisha.

Tofauti zilizobaki zinatetewa kwa nguvu. Wagórale wa milimani kusini wana msemo wao. Kikashubi, karibu na Gdańsk, kilitambuliwa na sheria ya 2005 kuwa lugha ya kimkoa. Kisilesia bado kinagombewa kama ni lugha au lahaja: mwaka 2024 bunge lilipitisha sheria ya kukipa hadhi hiyo, rais akakataa kuitia saini.

Nje ya nchi wako Chicago kwa vizazi vingi, wako kusini mwa Brazil kwenye jimbo la Paraná, na tangu Polandi iingie Umoja wa Ulaya tarehe 1 Mei 2004 wamejaa Uingereza na Ireland. Sensa ya 2021 ya Uingereza na Wales ilihesabu watu 612,000 ambao lugha yao kuu ni Kipolandi. Lithuania wako wenyeji, si wahamiaji, na walipigania herufi moja kwa miaka: w, ambayo Kilithuania hakina. Hadi 2022 ndipo iliporuhusiwa kwenye vitambulisho.

Mzimu mwema

Kawa ni kahawa. Neno lilitoka kwa Waarabu, likapita kwa Waturuki upande wao, likapita Bahari ya Hindi upande wetu. Cukier ni sukari, iliyozunguka kwa Wajerumani. Szafran ni zafarani. Ukikaa kwenye kibaraza cha Kraków na cha Stone Town unaagiza vitu vilevile vyenye babu mmoja.

Kutoka kwetu walichukua safari. Na kupitia mtu mmoja wakachukua zaidi. Henryk Sienkiewicz, aliyepata Nobel ya fasihi mwaka 1905, alifika Zanzibar na Bagamoyo mwaka 1891. Miaka 20 baadaye akaandika riwaya ya watoto wawili wa Kizungu waliopotea Afrika, W pustyni i w puszczy, iliyosomwa mashuleni kwa vizazi. Ndani yake mvulana anaitwa "bwana kubwa", na kijana Mwafrika anaitwa Kali. Kwa Kali, kuiba ng'ombe ni vibaya akiibiwa yeye, ni vizuri akiiba yeye. Hadi leo Mpolandi akitaka kusema mkuki kwa nguruwe, hutaja "maadili ya Kali".

Kinachonikera zaidi ni jinsi Kali anavyosemeshwa. Vitenzi vyake havina mikia: "Kali kutaka", "Kali kwenda". Mwandishi aliona hivyo ndivyo Mwafrika angeongea. Mtu aliyekulia kwenye lugha za ngeli, ambako hata rangi na nambari zinakubaliana na nomino, angekosea mikia ya Kipolandi, naam, lakini hangeitupa. Kukubaliana kwa maneno ndiyo hewa anayovuta. Wapolandi weusi wa leo wana madai yao pia. Mwaka 2020 walipaza sauti dhidi ya neno Murzyn, walilokuwa wakiitwa tangu chekechea, na Baraza la Lugha ya Kipolandi likachapisha maoni ya mtaalamu wake kwamba neno hilo limezeeka vibaya na ni bora liepukwe.

Neno jingine la riwaya ile ni mzimu. Wenyeji wanamdhania msichana mdogo kuwa dobre Mzimu, mzimu mwema, na kila Mpolandi aliyesoma shule ya msingi analijua. Angalia mkia wa kivumishi: dobre, droo isiyo ya kiume wala ya kike. Neno limeingia likiishia na u, sarufi ikakosa pa kulitia, ikaliweka pamoja na dirisha. Nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba nasi hatukumpa mzimu wingi wa watu. Wingi wake ni mizimu, pamoja na miti na mikate. Wazimu ni maradhi mengine kabisa.